Mishipa ya Damu katika Historia ya Tiba ya Saratani ya Tezi ya Shingo

Historia ya tiba ya saratani ya tezi ya shingo kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwenye mionzi. Mimi naanzia kwenye damu. Tezi hii ni ndogo, lakini hulishwa na ateri nne, mbili kutoka juu na mbili kutoka chini, na kwa karne nyingi damu hiyo ndiyo iliyowatisha wapasuaji. Kumkata mtu rovu kulikuwa ni kumweka katika hatari kubwa ya kufa mezani.

Theodor Kocher, profesa wa upasuaji mjini Bern, Uswisi, tangu 1872, alibadilisha hali hiyo kwa subira. Alifanya kazi polepole, akiibana na kuifunga mishipa kabla ya kuikata. Wengi wa wagonjwa wake hawakuwa na saratani. Walikuwa watu wa milimani waliovimba shingo kwa kukosa iodini. Hata hivyo, ustadi huo ndio uliowafaa wenye saratani baadaye. Mwanzoni alipoteza zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10. Mwishoni, chini ya 1 kati ya 100. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwangu mimi, alichokifanya mwaka 1883 kina uzito kuliko tuzo hiyo. Alitangaza hadharani kwamba wengi wa wale aliowatoa tezi nzima walikuwa wamezorota: nyuso zimevimba, miili baridi, fikra nzito. Upasuaji ulifaulu, mgonjwa akaharibika. Leo tunajua kwamba anayekosa homoni ya tezi hii moyo wake hupiga polepole, mafuta huzidi katika damu yake na ateri zake hukakamaa. Mwaka 1891, Uingereza, George Murray alimdunga mgonjwa wa aina hiyo maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo, na mama huyo akaishi miaka 28 zaidi. Bila homoni ya kurudishia, kuondoa tezi yote yenye saratani kungekuwa kubadilishana ugonjwa kwa ugonjwa.

Mionzi nitaipitia upesi, kwani imeshaandikwa sana. Saul Hertz alimpa mgonjwa wa kwanza iodini yenye mionzi mjini Boston mwaka 1941, ingawa mgonjwa huyo hakuwa na saratani. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wa New York walichapisha habari za mgonjwa ambaye saratani yake ilikuwa imekwisha kusambaa. Tangu hapo wagonjwa wengi wamepona, lakini baadhi yao hupewa homoni kwa kipimo cha juu ili saratani isiamshwe tena, na kipimo hicho huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mwaka 1971 Judah Folkman, naye wa Boston, alidai kwamba uvimbe hauwezi kukua zaidi ya milimita chache bila kujiotesha mishipa mipya ya damu. Wengi walimpuuza. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake, huko California, waliitenga protini inayoamrisha mishipa kuota. Kutokana na njia hiyo zikaja dawa kama sorafenib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa saratani ya tezi isiyosikia iodini, na lenvatinib mwaka 2015. Katika jaribio la lenvatinib lenye wagonjwa 392, ugonjwa ulizuiwa kwa miezi 18.3, wakati waliopewa dawa bandia walipata miezi 3.6.

Lakini takriban 68 kati ya kila 100 waliotumia lenvatinib walipanda shinikizo la damu. Protini ile ile huifanya mishipa mizima ilegee na kupanuka. Ikizuiwa, mishipa hujibana mwilini kote. Watu huyaita haya madhara ya pembeni. Sikubaliani na jina hilo: ni kazi ile ile ya dawa, ila imefanyika mahali tusipopataka.

Ndiyo maana maelekezo ya lenvatinib yanataka presha idhibitiwe kabla ya kuanza, ipimwe baada ya wiki 1, kisha kila wiki 2 kwa miezi 2 ya kwanza, halafu angalau kila mwezi. Kifaa kinachotumika ni mkanda wa kuvalisha mkono, ambao Mwitalia Scipione Riva-Rocci aliutangaza mwaka 1896, Kocher akiwa bado anapasua Bern.