Sunburst: Ngurumo Iliyopita Bila ya Mvua

Mwaka wa 1970 ulizaa bendi mbili za roki ambazo mtu wa pwani ana haki ya kuziweka katika mizani moja. Ya kwanza ilizaliwa London, na mwimbaji wake alikuwa Farrokh Bulsara, mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akahama na wazazi wake kwenda Uingereza mwaka wa 1964, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Bendi hiyo ni Queen. Ya pili ilizaliwa Dar es Salaam, ng'ambo tu ya mkondo wa Unguja, na ikajiita Sunburst. Ya kwanza haihitaji kuelezwa. Ya pili, ukiitaja leo hata mbele ya wazee waliocheza dansi katika kumbi za Dar es Salaam, wengi watakuuliza uyarudie matamshi ya jina lake.

Ni rahisi kusema kwamba mmoja alijaaliwa na mwengine hakujaaliwa. Jawabu hilo halitoshi. Sunburst haikuwa bendi ya wababaishaji. Ilikuwa na James Mpungo, mwimbaji mwenye sauti nzito, na Hembi Flory Kongo, mpigaji gitaa aliyejua kulifanya gitaa la umeme lilie kama roki inavyotaka, kisha akalirejesha katika utamu wa rumba bila ya msikilizaji kuona mshono. Bendi ilitoa sahani za santuri kuanzia mwaka wa 1973, na mwaka wa 1976 ikatoa albamu nzima iitwayo Ave Africa. Kwa hiyo swali halihusu kipaji. Swali ni kwamba kipaji hicho kilipandwa katika udongo gani, na nani alikuwa na ndoo ya kukinyeshea.

Tuanze na zama zenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alisikitika kwamba vijana waliosoma walifunzwa kucheza ngoma za Wazungu na kuzionea haya ngoma za babu zao, naye akaunda wizara ya utamaduni. Baadaye siasa hiyo ikapata meno. Mwaka wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Novemba 1969 mkuu wa Mkoa wa Pwani akapiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Miezi michache tu baadaye Sunburst ikazaliwa, na chakula chake cha kwanza kilikuwa ndio soul na roki zilezile zilizokuwa zikitazamwa kwa jicho la kengeza.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba serikali ndiyo iliyoiua bendi hii. Insafu inataka isemwe kwamba shinikizo la zama zile ndilo lililoipa Sunburst kilicho bora katika kazi yake. Badala ya kuendelea kuiga nyimbo za Marekani na Uingereza, vijana wale walianza kutafuta mtindo wao wenyewe. Kila bendi ya Tanzania ilikuwa na jina la mtindo wake: NUTA Jazz ilikuwa na Msondo, na baadaye Mlimani Park ikaja na Sikinde. Sunburst waliuita wao Kitoto. Ndani yake mlikuwa na mapigo ya ngoma za nyumbani, rumba ya Kongo, soul ya Wamarekani weusi na ukali wa gitaa la roki. Nyimbo zao zilizungumzia heshima ya mtu mweusi, na wimbo kama "Enzi za Utumwani" unajieleza kwa jina lake. Ukiyatazama maudhui peke yake, utasema hii ni bendi ambayo taifa la Azimio la Arusha lingeibeba mabegani.

Kwa nini basi haikubebwa? Sababu ya kwanza ni ya mkono wenye mali. Katika Tanzania ya miaka ile bendi ilidumu ikiwa na mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Jeshi, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa yalikuwa na bendi zao, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Magitaa na vipaza sauti, vilivyonunuliwa nje kwa fedha za kigeni, vilikuwa vya taasisi, na mwanamuziki alilipwa mshahara kama mfanyakazi. Akiondoka mmoja, huajiriwa mwengine, na jina hubaki. Ndiyo maana NUTA Jazz iliweza kugeuka JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, na kuvuka miongo mitano na zaidi. Sunburst ilisimama juu ya watu wachache waliopendana kwa muziki, na wanamuziki wake hawakuwa wa nchi moja. Bendi ya namna hiyo ni kama jahazi lisilo na nakhodha wa kurithiwa: wakitawanyika mabaharia, halina bandari ya kulingojea.

Pia taifa lilikuwa na vipenzi vyake. Mwaka huohuo wa 1970 ilipofika zamu ya kupeleka muziki katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka, Japani, iliyokwenda ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Hapana wa kulalamikia uteuzi huo, kwani Mbaraka alistahiki na Sunburst ilikuwa bado changa. Lakini ulionyesha mapema uso ambao nchi ilipenda kujitambulisha nao: muziki wa dansi wa Kiswahili, wenye mashairi marefu na magitaa matulivu. Roki, hata iliyotahiriwa na kupewa jina la Kitoto, haikuwa na mlango katika nyumba hiyo.

Sababu ya pili ni ya sahani zenyewe. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa wingi, lakini iliweka sauti katika kanda na kuzihifadhi makabatini. Aliyetaka sahani ya kuuza alipaswa kuvuka kwenda Nairobi, na huko ndiko sahani za mwanzo za Sunburst zilikotolewa. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Njia iliyokuwa nyembamba ikazibwa kabisa. Ilinganishe hali hii na ile ya Queen, ambayo mwaka wa 1973, ilipotoa albamu yake ya kwanza, ilikuwa na studio ya kisasa ya London na kampuni kubwa ya EMI nyuma yake, pamoja na mtandao wa maduka, magazeti na redio katika kila bara. Mtoto wa Mji Mkongwe alikuwa na kipaji kisichopingika, lakini kipaji hicho kilipandishwa kwenye meli iliyokwisha kuundwa. Wenzake wa Dar es Salaam walitakiwa waimbe na waunde meli wakati mmoja.

Umaarufu wa kweli haupimwi mjini. Upimwe mbali, na pa kuupimia ni Ufipa. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Na kutoka kwenye uwanda wa juu ukiteremka Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, kunako Kaoze na vijiji jirani, unakuwa umeacha mambo mengi ya mji nyuma yako. Rukwa yenyewe ilifanywa mkoa mwaka wa 1974 tu, katikati ya miaka ya uhai wa Sunburst. Mahali kama hapo bendi haikwenda na magitaa ya umeme, kwani hapakuwa na umeme. Sahani ya santuri haikuwa na pa kuchezea. Kilichofika ni redio ya betri, na redio ya bara ilikuwa moja. Wimbo uliopigwa na RTD jioni moja ulikuwa wa Dar es Salaam, wa Kaoze na wa Bukoba kwa pamoja. Wimbo usiopigwa na RTD ulikuwa wa ukumbi mmoja tu. Baada ya miaka, redio hiyohiyo ndiyo iliyoamua nyimbo zipi ziitwe zilipendwa, na kila ziliporudiwa, wazazi waliwarithisha watoto. Bendi za taasisi zilijaa katika hazina hiyo. Sunburst, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa katika sahani zilizotengenezwa nje, ilibakia pembeni.

Ufipa inatupa pia mfano wa kale unaofanana na kisa hiki. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyovuta upepo yenyewe bila ya kuvukutwa, na majembe yao yalisifika. Kazi ile haikufa kwa kuwa chuma cha Mfipa kilikuwa kibaya. Ilikufa zama za ukoloni, yalipoletwa majembe ya viwandani yaliyouzwa kwa bei ya chini. Mhunzi hakushindwa na mhunzi mwenziwe. Alishindwa na meli, reli na duka. Atakayeuliza kwa nini Sunburst haikudumu atazame malungu yaliyobaki yamesimama mbugani, apate nusu ya jawabu.

Sababu ya tatu ni ya safari. Sunburst iligeukia kusini, na Ave Africa ilirekodiwa Lusaka, Zambia. Kwa nje uamuzi huu ulikuwa wa busara. Reli ya TAZARA ilianza kazi kamili mwaka huohuo wa 1976, ikipita Tunduma na kuiacha Ufipa ubavuni. Zambia ilikuwa na utajiri wa shaba, Rais Kaunda alitaka redio ipige muziki wa wazalendo, na bendi kama WITCH na Amanaz zilikuwa zimeshaanzisha roki ya Kizambia. Hapo palikuwa na masikio yaliyokwisha kuzoea ukali wa gitaa. Lakini bendi iliwasili maji yakikupwa. Bei ya shaba ilianguka mnamo mwaka wa 1975, uchumi wa Zambia ukayumba, na roki ya nchi ile nayo ikaanza kunyauka. Baya zaidi, Sunburst walikuwa wageni huko, na kwao wakawa watoro. Albamu ilitoka, lakini haikuwa na taifa la kuiita yangu. Haikufuatiwa na nyingine.

Inabakia sababu ya nne, ambayo wapenzi wa ushairi watakuwa wa kwanza kuitambua. Nyimbo za watu wetu huhifadhiwa kwa maneno kabla ya sauti. Mtu husahau gitaa lilivyolia, lakini beti akazishika, akazitia katika mazungumzo, akamtupia jirani kama fumbo. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, anaimbwa mpaka leo na watu wasioweza kushika gitaa, kwa kuwa aliwaachia hadithi na nasaha. Sunburst waliigawa kazi yao baina ya Kiswahili na Kiingereza, na nguvu ya roki imo katika mshindo wake: katika ngoma, nyaya na kelele zilizopangwa kwa ustadi. Mshindo hauwezi kughaniwa. Ukizimika umeme, wimbo wa roki hauna pa kulala, ilhali utenzi hulala kifuani mwa bibi.

Hata maneno, hata hivyo, yanahitaji mtunzaji. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi sahani, naye pia alitegemea kiwanda cha mbali, na baadhi ya sahani zile zimepotea. Lakini Siti alimpata Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake. Kitabu kile kilifanya ambacho santuri haikuweza: kilimfikisha Siti kwa wasomaji ambao hawakuwahi kuisikia sauti yake. Sunburst hawakumpata Shaaban Robert wao. Waandishi wa Kiswahili wa zama zile waliiona roki ni vurugu za vijana, na wasomi wa muziki, walipoanza kuandika kuhusu Tanzania, walivutiwa zaidi na taarabu, ngoma na dansi. Bendi ikadondoka katikati: ya kigeni mno kwa wazalendo, ya Kiafrika mno kwa wapenzi wa roki wa Ulaya wa wakati ule.

Mwaka wa 2016 kampuni ya Strut ya Ulaya ilikusanya kazi zote za Sunburst za tangu 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Wasikilizaji wa nchi za mbali wakastaajabu kwamba muziki kama ule ulipata kuwapo Dar es Salaam. Ni jambo la kushukuriwa, na ni la kutia uchungu pia, kwani baada ya miaka 40 sahani ile ilivuka bahari kwenda kupata masikio, na Mtanzania anayeitaka huipata kwa kupitia kwa mgeni. Na Sunburst angalau ilikuwa na sahani. Ziko bendi nyingine ambazo sauti zao zimo katika kanda za redio tu, na nyingine zimo katika kumbukumbu za wazee wanaopungua kila mwaka, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Sumbawanga. Hao bado wanaweza kuulizwa. Kalamu na karatasi havihitaji umeme.