Kinyago Kisichokuwamo Kitabuni: Sembène na Swali la Uaminifu

Uhakiki wa filamu zilizotokana na vitabu aghalabu huanza kwa kuhesabu hasara: mhusika gani kaachwa, tukio gani limehamishwa, mwisho upi umebadilishwa. Kigezo hicho cha uaminifu huonekana cha haki kwa kuwa mwandishi na mwongozaji kwa kawaida ni watu wawili, na huyu anaweza kushtakiwa kwa niaba ya yule. Je, tumshtaki nani pale Ousmane Sembène wa Senegali anapovigeuza vitabu vyake mwenyewe kuwa filamu, tena bila kuvionea huruma?

Hadithi yake fupi iliyomo katika mkusanyo wa Voltaïque (1962) ndiyo iliyozaa filamu ya La Noire de... (1966). Kisa ni kimoja. Diouana, msichana wa Dakar, anapelekwa Antibes na waajiri wake Wafaransa, anafungiwa jikoni, na hatimaye anajiua bafuni. Hadithi inaanza na kifo chenyewe, polisi wakiwa wameshafika, kisha msimulizi wa nafsi ya tatu anaturudisha nyuma. Filamu inaanza na meli ikitia nanga. Diouana anashuka akiwa amependeza, na tangu hapo tunasikia anayoyawaza. Kitabuni tunamkuta maiti inayochunguzwa. Kwenye filamu tunaishi naye, na kifo kinatushtua.

Kisha kuna kinyago, ambacho hakimo kabisa katika hadithi. Diouana anakitoa kama zawadi kwa mwajiri wake wa kike anapoajiriwa. Nyumbani kwa waajiri hao huko Dakar kinawekwa pamoja na vinyago vingine. Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, kama mwenye zawadi alivyo peke yake. Baadaye Diouana na mwajiri wake huyo wanakigombania, huyu akivuta na yule akivuta. Baada ya msiba, mwajiri wa kiume anakirudisha Dakar pamoja na mshahara, lakini mama wa marehemu anaukataa. Mtoto wa kiume anakivaa na kumfuata yule Mfaransa, naye anaharakisha kwenda garini. Yote ambayo kitabu kinayaeleza kwa aya za usimulizi, kipande hicho cha mti kinayabeba bila neno.

Sisemi kwamba filamu imefaulu kila mahali. Diouana hajui kusoma wala kuandika, ilhali sauti ya mawazo yake ni Kifaransa safi. Kasoro hiyo ni nzito kuliko tukio lolote lililoachwa, maana Sembène aliingia kwenye sinema ili awafikie Wasenegali wasioweza kusoma vitabu vyake vya Kifaransa. Miaka miwili baadaye alitengeneza Mandabi, kutokana na riwaya yake fupi kuhusu mzee anayehangaika kutoa pesa alizotumiwa kwa posta, na safari hii wahusika wakasema Kiwolofu. Hapo filamu ilimfikia mtu ambaye kitabu kisingeweza kumfikia.

Kwa msingi huo, naona ni udhaifu kuihukumu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) kwa wingi wa yale iliyoyaacha katika riwaya ya Adam Shafi. Filamu ya saa moja na nusu hivi haina budi kuacha, nayo imechagua kuwaweka mbele wahusika Yasmin na Denge. Mhakiki atuoneshe imeweka nini mahali pa sauti ya msimulizi, na kama kilichowekwa kina uzito wa kinyago kile. Akishindwa kukiona, hapo ndipo ana haki ya kulalamika.