Kujiamulia Matunzo

Kujiamulia matunzo ni utaratibu ambao mtu anayehitaji msaada wa kila siku, wa kuoga, kuvaa au kupika, ndiye anayeupanga: nani aje, saa ngapi, afanye nini. Fedha ambazo serikali ingewalipa mawakala wa wahudumu huwa bajeti yake yeye.

Baadhi ya watu huita jambo hili kujitegemea. Mimi silikubali neno hilo hapa. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kujitegemea kumebeba maana ya kusimama bila kuegemea msaada wa mtu. Bibi asiyeweza kushika kikombe hajitegemei kwa maana hiyo, lakini anaweza kusema kwamba chai itangulie kuoga, na kwamba hataki kuogeshwa na mwanamume. Huko ndiko kujiamulia. Neno uangalizi nalo halifai, kwa kuwa humfanya mzee awe kitu cha kulindwa, na mwenye kauli awe yule anayemlinda.

Marekani waliupima utaratibu huu. Kuanzia mwaka 1998, majimbo ya Arkansas, kisha New Jersey na Florida, yaliwapa posho wazee na watu wenye ulemavu waliokuwa kwenye Medicaid, mpango wa afya wa watu wa kipato kidogo. Waliojitolea waligawanywa kwa kura: wengine wakapata posho, wengine wakaendelea kuletewa wahudumu na mawakala. Waliopata posho wengi waliajiri watoto, ndugu au marafiki. Kulikuwa na hofu kwamba fedha zitaliwa na wazee watatelekezwa. Sivyo ilivyotokea: waliridhika zaidi na matunzo yao, na afya zao hazikuwa mbaya kuliko za wenzao.

Posho peke yake, hata hivyo, haitoshi kuitwa kwa jina hili. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, ni haki njema, ila ni fedha za kujikimu. Kujiamulia matunzo huhitaji pia mshauri wa kusaidia kupanga bajeti, mtu wa kushughulikia mishahara na kodi za wahudumu, na, kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, mwakilishi. Mwakilishi husema kile ambacho mzee angekitaka, na kwa kawaida haruhusiwi kuwa yeye huyo huyo mhudumu anayelipwa.