Ramani ya Miguu

Ndugu msomaji, tukisimulia historia tunataja hotuba na mikataba. Mimi leo nazungumzia miguu.

Mwaka 1937 huko Montreal, Kanada, Wilder Penfield na Edwin Boldrey walitangaza ramani ya ubongo. Waligusa kwa umeme kidogo ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho, wakaangalia ni kiungo gani kinacheza. Upande wa kushoto huamuru mguu wa kulia, na wa kulia huamuru wa kushoto. Lakini eneo la mguu, bwana, ni dogo, tena limejificha utosini, kwenye ufa baina ya nusu mbili za ubongo. Mkono na mdomo ndio wenye shamba kubwa.

Sasa njoo Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wengi kwa miguu. Desemba 1996 karibu nusu milioni walirudishwa huko huko. Kila hatua ubongo uliagiza, uti wa mgongo ukashika mdundo, nyayo zikapeleka habari: hapa jiwe, hapa tope.

Na vitabuni? Mdomo na mkono tena: waliohutubia na waliotia saini!

Vijana wenzangu wa Ngara na Biharamulo, walioona misafara ile bado tunao. Mimi nimeanza kwa bibi yangu kule Rulenge. Swali langu la kwanza ni dogo tu: walitembeaje?