Mwalimu Dawe na chemshabongo iliyowashtua wapelelezi

Kila Juni 6, Ulaya inapokumbuka majeshi yaliyotua pwani ya Normandy mwaka 1944, hutajwa majenerali, na nyuma yao mwalimu mkuu mmoja wa Uingereza, Leonard Dawe. Huyu hakushika bunduki. Alitunga chemshabongo za gazeti la Daily Telegraph.

Mchezo wenyewe ulianzia Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo la kwanza katika New York World Desemba 21, 1913. Mwaka 1924 wachapishaji Simon & Schuster wakatoa kitabu cha mafumbo hayo pamoja na penseli yake, kikauzwa kama njugu. Telegraph ilianza mwaka 1925. The Times ikajivuta hadi 1930. New York Times, lililoudhihaki mchezo huo mwaka 1924, lilisalimu amri mwaka 1942.

Turudi kwa Dawe. Agosti 1942 jibu mojawapo katika fumbo la Telegraph lilikuwa Dieppe, bandari ya Ufaransa, na siku mbili baada ya kidokezo kutoka, bandari hiyo ikavamiwa. Wakubwa wakasema imetokea tu. Lakini Mei 1944 mambo yalizidi. Kwanza ikaja Utah. Kisha Omaha. Zikafuata Overlord, Mulberry, na Juni 1, Neptune. Mbili za kwanza ni fukwe walizopangiwa Wamarekani, Overlord ni operesheni nzima, Mulberry ni bandari za kuunda, Neptune ni kazi ya wanamaji. Siri zote hizo zilikuwa zimekaa katika visanduku vyeupe na vyeusi, na msomaji yeyote angeweza kuzijaza huku akinywa chai!

Maofisa wa MI5, idara ya usalama ya Uingereza, walimfuata Dawe na kumhoji kwelikweli, kisha wakamwachia. Alifariki mwaka 1963 bila kutoa maelezo yaliyomridhisha kila mtu.

Mwaka 1984 alijitokeza Ronald French, aliyekuwa mwanafunzi wake. Alisema mwalimu alikuwa akiwapa wavulana miraba mitupu waijaze maneno, kisha yeye akitunga vidokezo. Shule ilikuwa imehamishiwa Effingham, jirani na kambi za askari, na French akadai ndiko alikoyaokota maneno hayo. Wapo wasioamini kwamba siri nzito hivyo ilifika masikioni mwa mtoto. Mimi namwamini zaidi French kuliko sadfa tano mfululizo.

Ugomvi wa pili katika historia hii haukuhitaji wapelelezi, ila kwa wajuzi ndio mkubwa: kidokezo cha haki ni kipi? D. S. Macnutt, aliyetungia The Observer kwa jina la Ximenes, aliweka sheria zake kitabuni mwaka 1966. Kidokezo kiwe na maana ya jibu, kiwe na mchezo wa herufi, basi. Chukua hiki nilichotunga mwenyewe: "Mnyama ndani ya pakacha", herufi 4. Jibu ni paka. Amejificha mwanzoni mwa pakacha. Ukiandika "Mnyama mzuri ndani ya pakacha", Ximenes atakukata alama, maana neno "mzuri" halifanyi kazi yoyote, linampoteza tu msomaji. Wapo waliomwona mkali kupita kiasi.

Kwetu, watu wa vitendawili na mafumbo, chemshabongo mara nyingi hubanwa pembeni mwa nyota na katuni, bila jina la mtunzi, na vidokezo vya aina ya "mji mkuu wa Kenya". Huo ni mtihani wa darasa la nne. Wahariri, mpeni mtunzi jina lake chini ya mraba, mlipeni, na acheni nafasi ya barua za wasomaji watakaomsahihisha.