Vidaka Vikipukutika, Tazama Shamba Lote

Nikimsikia mwenye shamba huku Kilifi au Kwale akilalama kwamba mnazi wake wapukutisha vidaka, simuulizi amepiga dawa gani. Namuuliza pana miti gani mingine hapo shambani.

Mmoja wa wanaoangusha vidaka ni kunguni wa minazi, mdudu wa hudhurungi mwenye mdomo kama sindano. Hudunga kidaka kichanga, na mate yake yana sumu. Kidaka huanguka, kikisalia, nazi hutoka ndogo yenye makovu. Wachache tu watosha kuutia mnazi hasara, na mikorosho na miembe pia hawaiachi.

Anayemzuia ni majimoto, wale chungu wekundu washonao majani kwa uzi wa mabuu yao. Sisi twawajua kwa kutuuma tu, lakini wakiutawala mnazi, kunguni hana nafasi. Haya si mapya: M. J. Way aliyachunguza Unguja miaka ya 1950, na hata jina la kisayansi la kunguni huyo limetokana na lake.

Basi majimoto hawapendi minazi mitupu. Ukuti ni mgumu kushona. Wao wataka majani mapana ya mwembe, mchungwa au mstafeli. Shamba la mchanganyiko la wazee wetu lilikuwa makao yao, na matawi yalipogusana walipita juu kwa juu bila kutia mguu chini.

Huko chini ndiko kwenye vita. Kuna sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa, wakaao ardhini, ambao huwafurusha majimoto na wasimkomeshe kunguni. Utafiti uliofanywa Tanzania kwenye michungwa ulionyesha kuwa majani yakiachwa chini ya miti, makundi haya mawili huweza kuishi pamoja. Yakiondolewa yote, sisimizi huwashinda majimoto mitini. Ndiyo maana shamba lililopaliliwa likawa jeupe kama uwanja wa mpira, mimi silisifu. Fyeka majani yawe mafupi, usiyang'oe. Na kabla hujaangusha mwembe uuze mbao, inua macho uone una viota vingapi.

Mkwezi atanung'unika, na ana haki, kwani ndiye aumwaye. Ajipake jivu mikononi na miguuni kabla ya kukwea, na malipo yake yaongezwe kidogo.