Kihisi Pasiwaya

Fundi mitambo wa zamani, alipotaka kujua hali ya mota iliyomtia shaka, aghalabu aliweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi na sikio lake juu ya mpini, akasikiliza. Na kwa mazoea ya miaka mingi aliweza kupambanua ngurumo ya kawaida na ule mkwaruzo mdogo ubashirio uharibifu. Kazi hiyo leo imekabidhiwa kifaa kidogo kifungwacho juu ya mtambo, kiitwacho kihisi pasiwaya. Istilahi ambayo nusu yake ya kwanza haina taabu, ila nusu ya pili yataka kutazamwa kwa makini.

Kihisi kimetokana na kitenzi hisi, kwa ile kawaida ya lugha yetu ya kuviita vyombo kwa kazi zao. Na waliokataa kulitohoa neno la kigeni walifanya busara, maana sensa kwetu ni hesabu ya watu, na hakuna atakaye karani wa serikali afungwe juu ya pampu.

Kihisiwacho hasa ni mtetemo, na joto baada yake. Tutwae mota izungukayo mara 1,480 kwa dakika, kama zilivyo nyingi katika nchi zenye umeme wa hezi 50, Kenya na Tanzania zikiwamo, na ndani yake beringi ya namba 6205 yenye gololi 9. Ukitokea ufa katika bangili ya nje, kila gololi ipitapo juu yake hugonga, na mapigo hayo huwa takriban 88 kwa sekunde. Pigo moja ni hafifu, halisikiki katika makelele ya kiwanda. Lakini kule kurejea kwake kwa kipimo kisichobadilika ndiko kuufichuako ufa, hata fundi akapata wasaa wa kuagiza beringi nyingine kabla shafti haijakwama.

Ama pasiwaya, ni neno litajalo kilichokosekana, tofauti na simu ya upepo ya wazee wetu, iliyotaja kilichopo. Nami naona kuwa limeficha jambo: waya ulileta khabari, na ulileta pia riziki ya umeme. Ukiondolewa, kihisi husalia na betri yake tu, nayo yatarajiwa idumu miaka. Joto hubadilika polepole, hivyo tarakimu moja kila baada ya dakika kadhaa yatosha. Ilhali mtetemo hupimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kuzirusha tarakimu zote hizo hewani kungeimaliza betri upesi. Kwa hiyo kihisi hulala saa nyingi, huamka, hupima kwa muda mfupi, hujifanyia hesabu mwenyewe, kisha hutuma muhtasari. Na kwa kuwa matangi na kuta za chuma huzuia mawimbi, utaratibu kama WirelessHART, uliotolewa mwaka 2007, huvifanya vihisi vipokezane khabari jirani kwa jirani, nao ujirani huo pia hulipiwa kwa betri.

Hitilafu izukayo kihisi kikiwa kimelala haionekani mpaka kiamke. Kwa beringi ya pampu, ichakaayo kwa majuma, hilo si neno. Bali kwa turbini kubwa, iwezayo kujivunja kwa muda mchache mno, ulinzi wa kuizima ghafla ungali umeachiwa vihisi vya waya.